Inkscape kwa kuchonga herufi kutoka fonti iliyopo

Ukitaka neno lionekane kama maana yake bila kuchora kila herufi upya, Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari ya vekta, inatosha kabisa, na ni ya bure. Tumeipima kwa toleo la 1.3 (2023), kwa neno fupi: "radi".

Andika neno kwa fonti nene isiyo na vijiguu (vile vimstari vya mwisho wa herufi; yaani sans serif), ukubwa wa pointi 200 hivi. Panga kwanza nafasi kati ya herufi kwa Alt na vishale, kisha toa nakala kwa Ctrl+D uiweke pembeni. Ukishabonyeza Shift+Ctrl+C maandishi huwa michoro, na kosa la tahajia halisahihishiki tena kwa kibodi. Shift+Ctrl+G hutenganisha herufi. N hufungua zana ya nodi, yaani nukta zinazoshikilia umbo la mstari.

Zana hiyo ndiyo sababu ya kuisifu programu hii. Chukua nguzo (mstari wa wima) ya "d": chagua nodi mbili za juu, zivute ukiwa umeshikilia Ctrl ili zisiyumbe, halafu bofya mara mbili ukingoni kuongeza nodi mbili kila upande, kila moja ikiwa kwenye kimo kimoja na mwenzake wa upande wa pili. Jozi ya juu isogeze kushoto, ya chini kulia, na nguzo inapiga kona kama mwako wa radi. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa kwa nini herufi imedhoofu. Upana wa mlalo haujabadilika, lakini mstari ukiinama nyuzi 30 unene wake halisi hupungua kwa takriban asilimia 13. Kwa nyuzi 45, karibu asilimia 30. Tanua jozi hizo mpaka unene ulingane na nguzo ya "i".

Kunyoosha herufi nzima ni kosa la aina hiyohiyo. Ukiipanua mara 1.5, nguzo zinanenepa mara 1.5 na mistari ya mlalo inabaki ilivyo. Vuta nodi za nusu moja ya tumbo (sehemu ya mviringo ya herufi) tu. Athari za kupinda neno zima hatuzipendekezi kwa sababu hiyo.

Kuna kero mbili. Shift+Ctrl+K, inayovunja mchoro kuwa vipande, hujaza tundu la "a" na "d" rangi. Chagua vipande vyote viwili, bonyeza Ctrl+K, tundu litarudi. Ya pili inaudhi zaidi: kuunganisha maumbo kwa Ctrl++ mara nyingi huacha vinodi vya ziada kwenye makutano, na Ctrl+L inayodai kurahisisha mstari hulainisha pia kona ulizozihangaikia. Vifute kimoja kimoja, ukishika Ctrl pamoja na Delete pale ambapo hutaki programu ikisie mkunjo. Fonti geugeu (variable fonts, ambazo unene au upana wake hurekebishika) huhitaji Ctrl++ hata kabla ya kuanza, maana vipande vya herufi zake mara nyingi hupandana.

Kabla ya kutoa faili, punguza neno hadi urefu wa pikseli 32. Kona ya "d" isipoonekana hapo, izidishe.