Mafunzo ya mkao kwenye kamba ndefu: uzoefu wangu

Kama troti ya kukaa (mbio ndogo za farasi, nawe huinuki kwenye tandiko) inakurusha juu na chini kila unapojaribu dresaji, yaani upandaji wa kumwongoza farasi kwa miondoko maalumu, jaribu mafunzo haya kabla ya kununua tandiko jipya. Mimi yamenifaa, ingawa nina malalamiko mawili.

Mwalimu husimama katikati ameshika kamba, farasi anamzunguka, nawe uko juu bila hatamu, vikuku vya kukanyagia vimelazwa mbele ya tandiko. Kumwongoza farasi si kazi yako tena. Umebaki na mwili wako tu. Wanafunzi wa Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, huko Vienna, nao huanzia hapo, tena kwa muda mrefu.

Nilitarajia kuambiwa "kaa wima, shusha visigino." Wapi! Tulianza na mwendo wa kawaida wa kutembea, nikisikiliza mifupa miwili ya makalio. Mguu wa nyuma wa farasi unapokwenda mbele, mgongo wake hushuka upande huo, na nyonga yako hushuka nao. Ukishausikia mwendo huo huna haja ya kuutengeneza, unauachia tu.

Kwenye troti ndiko kwenye kazi. Miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, na katikati farasi yuko hewani kidogo. Ukibana magoti unajisukuma mwenyewe juu ya tandiko. Dawa ya mwalimu ilikuwa kuinua mapaja yote mawili yaachane na tandiko, kisha kuyaacha yaning'inie. Baada ya hapo kuzungusha mkono mmoja, halafu mwingine. Akaniambia pia niimbe kwa sauti. Aibu tupu, lakini anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa kiuno hukakamaa. Sikio, bega, nyonga na kisigino vilijipanga mstari mmoja bila kulazimishwa.

Faida kubwa niliiona niliporudishiwa hatamu: mikono ilitulia, na farasi akaacha kupigana na lijamu, kile chuma cha mdomoni. Tandiko lenye kingo nene za magoti lisingenipa hayo, maana linashika mguu tu, halilegezi nyonga.

Sasa malalamiko. Kipindi ni kirefu mno. Dakika 20 zinatosha. Zaidi ya hapo mapaja huchoka, unaanza kubana tena, na farasi naye anaumizwa viungo na duara lisiloisha. La pili, tulizunguka sana upande wa kushoto mpaka nikaomba tugeuze, na huko kulia ndiko nyonga yangu inakojikunja.

Kabla ya kulipa, uliza utapewa farasi gani. Mwenye troti kubwa ya kurusha hafai kwa kuanzia, hata awe mzuri vipi. Omba mtulivu, mwenye hatua ndogo, na tandiko liwe na kamba ya kushika mbele. Mwenye maumivu ya mgongo aseme mapema, kwani bila vikuku mshindo wote huishia kiunoni.