Chemba ya pompi: inafaa kuinunua Goma?

Kabla ya 2020, mgonjwa wa BPCO (ugonjwa sugu unaobana njia za hewa za mapafu) aliyefika hospitalini amebanwa kifua mara nyingi aliwekewa aerosoli, mashine ya umeme inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Korona ikaitia mashine hiyo mashakani: ukungu wake unatoka pembeni mwa barakoa na unaweza kubeba virusi vya mgonjwa hadi kwa muuguzi na jirani wa kitanda. Miongozo ya mwaka huo ikashauri pompi (kopo la dawa ya kuvuta) na chemba kila inapowezekana. Goma umeme ukikatika chemba haijali, na kwa hilo pekee tungeitetea.

Chemba ni kibomba cha plastiki kinachokaa kati ya pompi na mdomo wa mgonjwa, chenye kiulimi cha mpira laini karibu na mdomo. Kabla ya kulipa, kiinue kwenye mwanga: kiulimi kilichojikunja au kugandamana hakifunguki vizuri, dawa inabaki ndani.

Ikiwa mpya, plastiki ina chaji ya umeme inayovuta dawa ukutani. Utaona utando mweupe. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe usiku kucha. Usiifute kwa kitambaa, msuguano unarudisha chaji ileile.

Tikisa pompi, ichomeke kwenye chemba, bonyeza mara moja tu, vuta polepole, bana pumzi ukihesabu hadi 10. Mwenye kuhema sana apumue ndani ya chemba kawaida mara 5. Kosa kubwa ni kubonyeza mara mbili mfululizo ili kuwahi: matone yanagongana, yananata, na mgonjwa anapata dawa pungufu.

Pompi ya kotizoni (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) haikupaswa kuachwa kwa hofu ya korona. Baada yake sukutua na uteme, usipate fangasi mdomoni.

Ukikosa ya dukani, chupa ya nusu lita inasaidia kweli: toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lishike mdomo wa pompi barabara, ziba pembeni kwa utepe. Lakini haina kiulimi wala barakoa, hivyo mzee asiye na nguvu mnunulie ya famasi.

Pompi ya kawaida ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ina mibonyezo 200. Mara 8 kwa siku, inaisha siku ya 25, ingawa gesi itaendelea kufuka na kukudanganya. Andika tarehe ya kuanza kwenye kopo, na uliweke mbali na babula (jiko la makaa).