Miaka 15 ya kununua vipande vya Umoja: uzoefu wangu

Kwenye bahasha ninamotunza cheti changu cha ndoa kuna karatasi ya mwaka 2010 iliyoanza kugeuka njano. Ni taarifa yangu ya kwanza ya Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Nilipeleka shilingi 30,000 nikapata vipande mia na ushei, yaani sehemu zangu ndani ya mfuko huo. Nilikuwa na miaka 35, karani wa ghala hapa Tanga, mshahara unakata kabla ya tarehe 20.

Sikuanza kwa sababu nilikuwa na hela iliyozidi. Nilianza kwa uchungu. Mwaka huo nilikwenda kuangalia michango yangu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikakuta miezi 31 haipo. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa akinikata kila mwezi, hati za mshahara ninazo hadi leo, lakini makato hayakufika yanakotakiwa, na kampuni yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri, na ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180. Ukipoteza miezi 31 katika hesabu hiyo, umepoteza zaidi ya miaka miwili na nusu ya jasho. Kama umeajiriwa na hujawahi kuangalia michango yako, acha kusoma hapa, nenda kaangalie kwanza. Nasema hivyo kwa moyo mmoja.

Nilitoka pale nikitaka mahali ambapo hela naipeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Mfanyakazi mwenzangu akanitajia Umoja. Mfuko huu ulianza 2005 chini ya UTT (Unit Trust of Tanzania), na tangu 2013 unasimamiwa na UTT AMIS, kampuni ya serikali. Fedha za watu wengi zinawekwa pamoja, sehemu inanunua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, sehemu inakwenda kwenye hatifungani (mikopo inayolipa riba, kama ile serikali inayokopa kwa watu) na amana za benki. Wewe unamiliki vipande. Thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Hakuna gawio linalokuja mfukoni, faida inabaki humo humo na unaiona bei ya kipande inapopanda.

Nilipoanza, kipande kilikuwa chini ya shilingi 300. Leo kimepita 1,000. Sitaki mtu akimbilie namba hizo akidhani ni miujiza, maana ni miaka 15 na bei za vitu vyote zimepanda pia. Ila nijuavyo mimi, hakuna pengine ambapo 30,000 zangu za mwezi zingekaa muda wote huo bila kuguswa na bila kuliwa.

Nina kauntabuku ambayo kila mwezi naandika mstari mmoja: tarehe, kiasi, vipande nilivyopata, jumla ya vipande. Safu ya shilingi niliifuta mwaka wa pili. Ilikuwa inanisumbua, thamani ikishuka kidogo nakosa usingizi, ikipanda natamani kutoa. Vipande havishuki mpaka uviuze mwenyewe. Mwezi ambao soko limelala, 30,000 ile ile inanipa vipande vingi zaidi, na mimi mwezi huo nafurahi. Tabia hii ya kuhesabu vipande ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kuna ukurasa mmoja tu ambao jumla imerudi nyuma. Julai 2016, vipande 4,000 vimetoka. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, na kwetu dada mkubwa hakai kimya: mchango wa kamati, sare, kitchen party, usafiri wa wazee kutoka Lushoto. Simlaumu mdogo wangu hata kidogo, harusi yake ilikuwa furaha ya ukoo mzima na ningechangia tena. Kosa lilikuwa langu la mpangilio. Nilikuwa na chungu kimoja tu. Kila jambo la dharura, hata lile la furaha, lilikuwa lazima lichotwe kwenye hela ya uzee. Vipande 4,000 vile vingekuwepo leo vingekuwa zaidi ya milioni nne, na kuvirudisha kwa bei mpya kumenichukua miaka.

Baada ya hapo nilifungua Mfuko wa Ukwasi pembeni, nao ni wa UTT AMIS. Unaanza na 100,000, nyongeza kuanzia 10,000, kutoa hakuna makato na hela inafika ndani ya siku chache za kazi. Fedha zake haziendi kwenye hisa, kwa hiyo haziyumbi kama Umoja. Humo ndimo kunamotoka misiba, harusi, ada inayochelewa, bati lililong'oka. Tangu nifungue Ukwasi sijauza kipande hata kimoja cha Umoja, na mchango wangu wa Umoja nikaupandisha hadi 50,000. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji wa miaka 25 alichukue kwangu, ni kuanza na hicho chungu cha dharura kabla ya kile cha uzee.

Mtoto wangu ana Mfuko wa Watoto, wa UTT AMIS pia, nilimfungulia akiwa na miaka mitatu, 10,000 kwa mwezi. Sina mengi ya kusema hapo, unafanya kazi yake. Naomba tu usichanganye ada ya mtoto na uzee wako kwenye daftari moja.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha zaidi. Ana miaka 74, anakaanga vitumbua Ngamiani tangu nikiwa mdogo, na benki yake ni sanduku la mbao chini ya kitanda. Benki Kuu ilipotangaza kuziondoa noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya 500 ya 2010, muda wa kubadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Februari akaniita. Akafungua sanduku, akaondoa kanga moja moja, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani zilikuwa noti za 5,000 zenye faru, zimelainika kama kitambaa, zinanukia iliki na moshi. Tulihesabu juu ya mkeka: 340,000.

"Hizi niliziweka za kuezekea chumba cha nyuma," akasema. "Chumba kizima, mwanangu."

Nilimuuliza bei ya bati siku ile anaziweka. Akanitajia. Hatukusema kitu kwa muda. Hela ambayo ingeezeka chumba sasa ilikuwa ya bati kumi na kidogo, bila mbao na bila fundi. Hakuna mwizi aliyeingia chumbani mwa mama yangu, sanduku halikuguswa, na bado zaidi ya nusu ya hela yake imeondoka.

Tulibadilisha noti, kisha nikamwambia habari za Ukwasi. Akaniuliza swali ambalo wengi wanaliogopa kuuliza: "Hela nisiyoiona, nikifa inaliwa na nani?" Nikamwonyesha sehemu ya fomu inapoandikwa jina la mrithi. Akaagiza liandikwe la mjukuu wake, akatoa kitambulisho cha NIDA kutoka kwenye leso ile ile. Kwa umri wake sikumpeleka Umoja. Mtu wa miaka 74 hana muda wa kusubiri hisa ziinuke zikilala, anahitaji hela inayopatikana wiki ile anapoumwa.

Sasa niseme ambayo watu wanaopigia debe mifuko hii huyaruka. Hakuna faida iliyoahidiwa. Umoja una hisa ndani yake, kuna miezi thamani inarudi nyuma, na ukiuza kuna makato ya asilimia moja. Anayeingia Januari akitarajia kutoka Juni atasikitika. La pili, hii si pensheni. NSSF ukitimiza masharti inakulipa kila mwezi mpaka unafariki, vipande vikiisha vimeisha. Nawasikia vijana wakisema bora waajiriwe bila kuchangia, wapewe yote mkononi wanunue vipande. Nawaomba wasifanye hivyo. Mimi niliyepoteza miezi 31 najua thamani ya michango ile, na ndiyo sababu bado naifuatilia mwezi kwa mwezi. Umoja ni wa kuongezea juu yake. La tatu, siku hizi kununua na kuuza kunafanyika kwenye simu, jambo jema, lakini kidole kinachonunua ndicho kinachouza. Zamani safari ya ofisini na foleni vilikuwa vinanipa muda wa kufikiri upya.

Wapo walioniuliza kwa nini sikununua hatifungani za serikali moja kwa moja. Mwaka 2021 ile ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95, maana yake kila milioni moja inakulipa 159,500 kwa mwaka, kwa awamu mbili. Mwenye milioni zake mkononi wakati ule alifanya vizuri sana. Mimi sikuwa nazo kwa pamoja. Niliweza elfu thelathini, na vipande vinapokea elfu thelathini.

Mwaka huu nimefikisha miaka 50, na kauntabuku inasoma vipande 9,800 na ushei. Miaka mitano ijayo, nikikaribia 55, umri wa kustaafu kwa hiari, nitaanza kuvihamisha kidogo kidogo kutoka Umoja kwenda Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS hao hao, ulioanza 2019. Ukiwa na milioni kumi humo unaweza kuchagua kulipwa kila mwezi. Sitahamisha vyote kwa mkupuo, na sehemu nitaiacha Umoja, kwa sababu mama yangu ana 74 na bado anakaanga, nami huenda nikahitaji vipande hivyo kwa muda mrefu.

Kaka yangu mdogo anaendesha bodaboda Muheza, ana miaka 29, hana mwajiri wala makato. Nilimfungulia Umoja mwezi wa Ramadhani. Kila Jumamosi jioni, baada ya kumpa mwenye pikipiki hesabu yake, ananunua vya 5,000. Jumamosi iliyopita alinitumia ujumbe: "Dada, leo nimepata vingapi?" Nikamjibu vinne na kitu. Akauliza jumla. Nikamwambia anunue kauntabuku, aanze kuandika mwenyewe.