Uzoefu wangu na plota ya stika iliyokuwa ikikata pasipotakiwa

Ninaendesha karakana ndogo ya mabango na stika Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kwa miezi 14 sasa ninatumia plota ya kukata stika yenye upana wa sentimita 72, iliyotengenezwa China, ambayo niliinunua Kariakoo na kuipandisha huku kwa basi. Ni mashine ya bei ya chini katika kundi lake: inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, haina jicho la kusomea alama za picha iliyochapishwa, na hubeba kisu kimoja cha kuburuzwa, yaani kisu kinachojigeuza chenyewe kufuata mwelekeo wa mstari. Ninaandika tathmini hii kwa sababu mwaka jana mashine hiyo ilinisumbua kwa wiki tano kwa mikato ambayo sikuichora, na ushauri niliopewa mwanzoni ulinimalizia fedha na stika bila kugusa chanzo cha tatizo.

Kwa miezi mitano ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Nilikata majina ya bajaji, maandishi ya vioo vya saluni na maduka, namba za milango ya nyumba za wageni na lebo za mifuko ya mchele wa Kyela, na herufi zote za kuanzia sentimita mbili kwenda juu zilitoka safi, zikibanduka bila kung'ang'ania kwenye kona.

Tatizo lilianza Julai, katika kazi ya lebo 60 za kreti za parachichi. Mteja wangu ni mama anayekusanya parachichi kutoka Rungwe, na lebo yake ilikuwa na jina la biashara pamoja na mchoro wa tunda lenye jani moja. Kwenye lebo ya tisa niliona mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, ukitoka kwenye mguu wa herufi moja na kupita katikati ya herufi nyingine hadi mwanzo wa ya tatu. Nilikata karatasi nyingine, mstari ukatokea mahali pengine. Nilipotazama kwa makini zaidi niliona pia mikwaruzo hafifu kati ya herufi karibu zote, na juu ya tunda palikuwa na mkato uliopita chini ya jani. Mama alipofika alishika lebo moja akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Kijana wangu, mbona hili tunda limepasuliwa?" Nilimwomba radhi na kumwomba siku chache, kwa sababu kazi ile haikustahili kutoka karakanani kwangu.

Muuzaji niliyempigia simu aliniambia nibadilishe kisu na kuongeza mgandamizo. Nilinunua visu vitano vya nyuzi 45, nikapandisha mgandamizo kutoka gramu 90 hadi 130, na hali ikawa mbaya zaidi. Kisu kilianza kupenya hadi kwenye karatasi ya nyuma ya stika, kikachimba mfereji kwenye utepe mweupe ulio chini ya njia yake, na mistari isiyotakiwa ikabaki vilevile, safari hii ikiwa na kina kikubwa. Sikatai kwamba kisu butu huharibu kazi. Lakini kisu butu huacha kingo zilizochanika na sehemu ambazo hazikukatika. Hakiwezi kubuni mstari mpya kutoka herufi moja hadi nyingine. Laiti ningelipima hilo kabla ya kutoa fedha.

Nilichokosa ni kuuliza kwanza ni mkato wa namna gani. Plota nyingi za aina hii hupokea maelekezo kwa HPGL, lugha iliyoanzishwa na kampuni ya Hewlett-Packard kwa ajili ya plota zilizokuwa zikichora kwa kalamu. Katika lugha hiyo PU ni amri ya kuinua kalamu na PD ni amri ya kuishusha, na kila milimita moja huhesabiwa kuwa vipimo 40. Mtu akishalielewa hilo, mstari ulionyooka kati ya herufi huacha kuwa muujiza: mashine imemaliza herufi, amri ya kuinua imepotea au kuharibika njiani, na kisu kimesafiri kikiwa bado chini hadi herufi inayofuata. Zikiharibika namba za mahali badala ya amri yenyewe, kisu hukimbilia pembeni kabisa kisha hurudi kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo niliacha kukata stika kabisa, nikatoa kisu na kuweka kalamu iliyokuja na mashine, kisha nikatuma faili lilelile mara tatu kwenye karatasi tatu nyembamba na kuzipandanisha kwenye kioo cha dirisha. Kipimo hiki hakigharimu chochote, nami ningemshauri kila mwenye plota akifanye kabla ya kununua kitu. Mkato wa kwenye tunda ulikuwa mahali palepale katika karatasi zote tatu. Mistari mirefu ilikuwa mahali tofauti katika kila karatasi. Mikwaruzo hafifu haikuwepo kabisa. Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nikipambana na matatizo matatu yaliyokuja kwa wakati mmoja, na kwamba kila nilipojaribu kutibu moja, mawili mengine yalinifanya niamini kuwa nimekosea.

Lile la tunda lilikuwa kosa langu mwenyewe katika mchoro. Jani lilikuwa limelazwa juu ya tunda bila maumbo hayo mawili kuunganishwa, na kwenye skrini rangi ilificha mstari uliokuwa chini. Plota haioni rangi, inafuata mistari. Nilipoutazama mchoro kwa mwonekano wa mistari mitupu, niliuona mstari wa tunda ukipita chini ya jani, na nikagundua pia kwamba herufi moja ilikuwa na nakala yake juu yake, hivyo ilikuwa ikikatwa mara mbili. Niliyaunganisha maumbo, nikafuta nakala, na tatizo hilo likaisha siku hiyohiyo.

Mikwaruzo nayo ilitokana na namna nilivyokifunga kishikio cha kisu. Kwa kuwa kalamu haikuacha alama wakati wa kusafiri, nilijua kwamba sumaku inayoshusha na springi inayoinua zilikuwa zikifanya kazi; tatizo lilikuwa kwamba kishikio kilikaa chini mno, hivyo hata kikiinuliwa ncha iligusa stika. Nilikipandisha hadi kadi mbili za benki zilizopandanishwa zikapita chini yake bila kukwaruzwa kikiwa kimeinuka. Kisha nilirudisha ncha ya kisu ndani hadi ikachomoza kiasi cha kuonekana kwa shida, nikajaribu kwa mkono kwenye kipande cha stika: utando wa juu unapaswa kukatika wote, na karatasi ya nyuma ibaki na alama nyepesi tu. Niliurudisha mgandamizo kwenye gramu 90. Niongeze kwamba stika iliyokaa muda mrefu ikiwa imeviringishwa huinuka kingo zake na kukifuata kisu juu, hivyo mtu anaweza kurekebisha kishikio vizuri na bado akapata mikwaruzo kwa sababu ya nyenzo yenyewe.

Mistari mirefu ndiyo iliyonichukua muda, na hapa hali ya mji wetu inahusika. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa yetu ni ya baridi na kavu. Katika miezi hiyo, ninapovuta stika kutoka kwenye roli, nasikia mlio wa cheche ndogo na nywele za mkono husimama; huo ni umeme tuli, na mashine inayovuta stika kwa kasi huuzalisha muda wote inapofanya kazi. Umeme huo ukikosa njia ya kwenda ardhini hutafuta njia nyingine, na waya wa USB unaopeleka amri kwenye mashine ni mojawapo ya njia hizo. Miezi yangu mitano ya kwanza, Februari hadi Juni, ilianza katika msimu wa mvua, na naamini ndiyo maana sikuona dalili yoyote mapema.

Dalili ya kwanza ya kweli niliipata nilipochomoa chaja ya kompyuta mpakato na kukata kwa betri peke yake: katika lebo kumi, mistari ilipungua kutoka minne hadi mmoja. Nilimwita fundi umeme, akapima soketi yangu na kukuta tundu la ethi halijaunganishwa na kitu chochote, huku ekstensheni niliyokuwa nikiitumia ikiwa na nyaya mbili tu ndani ingawa plagi yake ina miguu mitatu. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nikisikia mtekenyo mdogo kila nilipogusa bodi ya chuma ya plota, nami nilikuwa nimeupuuza. Fundi alipigilia fimbo ya ethi nyuma ya karakana, akamwagia maji mahali hapo kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu, akaunganisha soketi na bodi ya mashine. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 45,000, chini ya nilichotumia kwa visu na stika nilizoharibu. Tafadhali mtu asiifanye mwenyewe kama si fundi, maana ethi iliyofungwa vibaya inaweza kuua.

Pamoja na hayo nilinunua waya wa USB wa mita moja na nusu wenye kinundu cha feraiti, yaani kile kinundu cha kwenye waya kinachopunguza mwingiliano wa umeme, nikauweka mbali na waya wa umeme na mbali na ukuta unaopakana na jirani anayechomelea mageti. Stika sasa naifungua mapema na kuilegeza kiasi cha urefu wa kazi, badala ya kuiacha mashine ivute roli zima. Nilihakikisha pia kwamba kasi ya kupokea data iliyowekwa kwenye plota inalingana na ile ya kwenye programu. Zote mbili ni 9600.

Kuhusu mashine yenyewe, malalamiko yangu ni kwamba kitabu chake cha maelekezo hakisemi neno lolote kuhusu ethi, na kwamba muuzaji alijibu kabla hajauliza mstari unaonekanaje. Kwa kukata yenyewe ni mashine nzuri kwa bei yake, na ningeinunua tena kwa kazi za maandishi ya magari, vioo na lebo kubwa. Anayetaka kukata herufi za chini ya sentimita moja, au kuzunguka picha zilizochapishwa, atafute mashine ya daraja la juu zaidi, kwa sababu hii itamvunja moyo.

Mama alipata lebo zake zote 60, na mwezi uliofuata akaagiza nyingine. Tangu katikati ya Agosti mstari wa namna ile umetokea mara moja tu, siku ambayo kijana ninayefanya naye kazi alichomeka plota kwenye ekstensheni ya zamani ili apate nafasi ya pasi. Ekstensheni hiyo niliikata nyaya jioni ileile na kuitupa.