Biskuti za Krismasi: oveni ya umeme au sufuria ya mkaa?

Kinyunya hakibadiliki: unga wa ngano gramu 300, siagi 200, sukari 100 na chumvi kidogo. Desemba ya Dar es Salaam ina joto, siagi huyeyuka mikononi, kwa hiyo donge likae kwenye friji nusu saa ndipo lisukumwe.

Oveni ni ya uhakika. Nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, kingo zikigeuka rangi ya dhahabu unatoa. Trei moja hubeba nyingi. Ila mtu mmoja anatosha kuisimamia, wengine wote hurudi kwenye televisheni. Umeme ukikatika, kazi imelala.

Sufuria ya mkaa ni habari nyingine kabisa! Unaweka mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu yake, unafunika, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ya chini yakizidi, biskuti huungua kabla uso haujaiva. Kipimajoto ni pua ya bibi. Mmoja anapepea, mwingine anaongeza makaa, watoto wanakata maduara kwa mdomo wa glasi. Kila mkupuo hutoa chache tu, basi watu wanakaa, wanapiga soga, wanagombea za kwanza. (Jiko liwe nje, hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua.)

Za kuwagawia majirani, nachagua oveni. Lakini mkesha wa Krismasi, wajukuu wakiwa wamefika, ni mkaa bila kusita.