Matembezi ya kuongozwa kutoka Lushoto hadi Irente: uzoefu wangu

Nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, na kwa miaka mingi Lushoto, mji wa milima ya Usambara, kwangu ilikuwa tu mahali zinakotoka kabichi, karoti na peasi za sokoni kwetu. Mwezi Julai mimi na mama tulipanda basi hadi Mombo, tukapandisha ile barabara ya kona nyingi inayopita Soni, na kesho yake tukaongozwa kwa miguu hadi Irente.

Nianze na lawama. Ofisi iliyotupangia safari ilituambia kwamba kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu. Ikawa karibu saa sita, na mama, ambaye ana maumivu ya magoti, alilazimika kurudi kwa bodaboda. Kumficha mteja urefu wa njia ni kosa kubwa, hasa anaposema mapema kwamba ana mgonjwa.

Mwongozaji mwenyewe alistahili kila shilingi. Ni kijana Msambaa anayelima viazi na maharage, na hakupita shamba la mtu bila kumsalimu mwenyewe kwanza. Alituonyesha jinsi majani ya guatemala yanavyopandwa kwa mistari inayokata mteremko, ili mvua isichukue udongo, na miti ya mikrivea iliyosimama kando kwa ajili ya kuni na mbao. Kisha akasimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia: kwamba kuanzia 1946, huko Mlalo, humu humu wilayani Lushoto, serikali ya Waingereza iliwaamuru wakulima walime kwa matuta kuhifadhi ardhi, watu wakaipinga kazi hiyo nzito, iliyowaangukia zaidi wanawake, hadi mpango ukaachwa 1957.

Mama akamuuliza, “Sasa mwanangu, mbona majani haya mnayapanda bila kulazimishwa?”

“Mama, haya nayakata nawapelekea ng'ombe zizini, na samadi inarudi shambani. Yale matuta yaliwapa wazee wetu kazi tu.”

Jibu hilo lilinifanya niyatazame mashamba yale upya njia nzima.

Irente penyewe ni ukingo wa mwamba, na chini yake unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai isiyo na mwisho. Mwongozaji alitueleza kwamba reli kutoka Tanga ilifika Mombo 1905, na kwamba Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Ukungu ulitanda tukiwa pale, kwa hiyo nashauri uulize hali ya hewa kabla ya kutoka.

Vaa viatu vyenye soli ya kushika, beba sweta hata kama Tanga umeacha joto, na uombe mwongozaji ambaye ni mkulima. Nimekwisha kumwambia yule kijana kwamba safari ijayo atupeleke Vugha, yalikokuwa makao ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, na mama amesema atakuja, ila kwa gari.