Fundi baiskeli wa Ngamiani aliyenitengenezea mbingu mbili

Walimu wenzangu wa Tanga, mkitaka zana ya kufundishia mwendo wa sayari, nendeni Ngamiani kwa mafundi baiskeli. Mimi nilimwendea mzee mmoja na mchoro wa mkono. Nilitaka wanafunzi waone kwa nini Mirihi husogea mashariki usiku baada ya usiku, kisha husimama, ikarudi magharibi kwa wiki kadhaa, halafu ikashika tena njia yake.

Hapo ndipo Wagiriki walipogawanyika. Aristarchus wa Samos, karne ya 3 KK, aliliweka Jua katikati na Dunia ikalizunguka. Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2 BK, aliiacha Dunia katikati, na sayari akaipandisha kwenye duara dogo linalobebwa na duara kubwa. Niliagiza mbao mbili, kila mmoja na wake.

Ubao wa Aristarchus ni kazi safi mno. Gia ya Dunia ina meno 17, ya Mirihi 32, na uwiano huo unalingana vizuri na siku 365 kwa 687. Sayari ni gololi zilizopakwa rangi kwenye ncha za spoku. Ukilaza chelewa ndefu juu ya gololi ya buluu, yaani Dunia, na nyekundu, yaani Mirihi, ikaelekea ukutani, kisha ukazungusha pedali taratibu, ncha yake inatembea, inasita, inarudi nyuma pale Dunia inapoipita Mirihi. Darasa zima lilinyamaza.

Ila kwenye ubao wa Ptolemy pia Mirihi inarudi nyuma! Mzee mwenyewe ndiye aliyeniuliza, mikono imejaa grisi: "Mwalimu, zote mbili zinarudi. Sasa kweli ni ipi?"

Binti mmoja wa kidato cha tatu akaleta hoja ileile ya kale: Dunia ikihama, mbona nyota hazihami? Jibu la Aristarchus tunalipata kwa Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki: nyota ziko mbali kupita kiasi. Kweli zinahama, kidogo sana. Bessel, mwanafalaki wa Kijerumani, alikuja kuupima mhamo huo mwaka 1838, na hilo ndilo jibu la swali la mzee: Dunia ndiyo inayohama.

Nililipa shilingi 85,000 kwa zote mbili, na sijutii. Mnyororo wa ubao wa Ptolemy hulegea, nimeshaurudisha mara moja, akaukaza bila kunidai. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, kwa sababu ya kuitafuta gia ya meno 32. Ukiwa nayo, nenda nayo.